MAJI YANAPOWASHA MOTO



Tangu utoto tumejua kwamba maji huzima moto. Nyumba ikishika moto, tunakimbilia ndoo. Leo tunataka kueleza jambo linaloonekana kinyume: jinsi maji ya kuoshea yanavyoweza kuleta cheche na kupasua meli ya chuma. Msiseme hayo ni mambo ya mabaharia tu. Mwisho wa habari hii tutarudi nyumbani kwetu, kwenye dumu na pipa.

Meli tatu katika mwezi mmoja

Desemba 1969, meli tatu kubwa za mafuta zililipuka. Ya kwanza, Marpessa, ililipuka karibu na pwani ya Senegal, ikazama. Ya pili, Mactra, ililipuka huku kwetu Bahari ya Hindi, kati ya Msumbiji na Madagaska. Ya tatu, Kong Haakon VII ya Norway, ililipuka karibu na pwani ya Afrika Magharibi. Mbili hizi za mwisho hazikuzama, lakini ziliharibika vibaya. Watu walipoteza maisha.

Kila moja ya meli hizo iliweza kubeba zaidi ya tani 200,000. Lakini kumbe siku hiyo hazikuwa na mafuta! Zilikuwa zimekwisha kupakua, na matangi yalikuwa yanaoshwa kwa maji yenye nguvu. Basi watu wakauliza: moto umetoka wapi?

Umeme usio na waya

Hebu tufanye jaribio dogo. Chukua kitana cha plastiki, chana nywele kavu, halafu kisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Utaona vinakirukia. Au siku ya baridi kavu, vua sweta la nailoni gizani. Utasikia linatatarika, na pengine utaona vicheche.

Huo ni umeme, lakini hautoki kwenye waya wala betri. Unatokana na vitu kusuguana na kuachana. Tunauita umeme tuli, kwa sababu hukaa tu juu ya kitu, ukingoja njia. Ukipata njia, huruka mara moja. Kule kuruka ndiko kunakotoa cheche.

Na maji je? Maji yakirushwa kwa nguvu yakagonga ukuta wa tangi, hupasuka yakawa matone madogo sana kama ukungu. Katika kupasuka huko, matone hubeba umeme. Tangi zima hujaa ukungu wenye umeme. Sasa kipande cha chuma kikining'inia humo kwa kamba ya nailoni, hukusanya umeme. Kikikaribia ukuta wa tangi, ta! Cheche.

Mafiga matatu ya moto

Moto ni kama chungu juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni kitu cha kuungua. La pili ni hewa. La tatu ni cheche. Ukiondoa figa moja, chungu hakikai.

Tangi lililojaa mafuta halina nafasi ya hewa. Lakini likipakuliwa, mvuke wa mafuta hubaki na hewa huingia. Mafiga mawili tayari! Maji ya kuoshea huweza kuleta la tatu.

Hatari hii inazikabili hasa meli za kemikali. Meli hizo zina matangi mengi, na husafishwa mara kwa mara kwa sababu shehena hubadilika. Safari hii tangi lina methanoli, ambayo huwaka upesi. Safari nyingine mafuta ya mawese. Hata mafuta ya kula yanayoletwa Mombasa na Dar es Salaam kutoka Malaysia na Indonesia husafiri katika meli za namna hiyo. Tangi lisiposafishwa vizuri, chakula chetu kinaharibika.

Mabaharia wanafanyaje?

Njia ya kwanza ni kuondoa figa la hewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 21. Wao hujaza tangi gesi isiyosaidia moto, kama naitrojeni au moshi wa mtambo uliosafishwa, mpaka oksijeni ishuke chini ya asilimia 8. Baada ya ajali zile, mataifa yalikubaliana kwamba meli kubwa za mafuta ziwe na mtambo wa gesi hiyo. Meli zilizojengwa tangu 2016, hata za kemikali, zinatakiwa kuwa nao zikiwa za tani 8,000 au zaidi.

Lakini tahadhari! Gesi inayonyima moto hewa humnyima mtu pia. Anayeingia katika tangi kabla hewa safi haijapulizwa na kupimwa huanguka akafa. Na mwenziwe akikimbilia kumwokoa, naye huanguka palepale.

Meli isiyo na gesi hiyo ina masharti mengine. Mvuke hupulizwa nje na kupimwa. Mipira ya maji huwa na waya unaoshikana na mwili wa meli, ili umeme upite usijikusanye. Maji machafu hayarudiwi kuoshea. Mvuke wa maji ya moto haupulizwi ndani, kwani nao huleta umeme. Kamba za nailoni hazitumiki. Wala chuma cha kupimia hakishushwi mpaka zipite saa 5 baada ya kuosha, au saa 1 kama feni zinafanya kazi. Ukungu huchukua muda kutulia. Mwenye haraka ndiye anayelipuka.

Na sisi nyumbani?

Siku hizi petroli ya pikipiki imefika kila kijiji, nayo hutoa mvuke uleule unaowaka. Basi, ukijaziwa dumu, liweke chini ardhini, usilijaze likiwa juu ya pikipiki au ndani ya gari. Usilisugue kwa kitambaa cha nailoni.

Na pipa lililokuwa na petroli usilikate wala kulichomelea kwa kuwa unaliona tupu. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. La petroli likivuma, halivumi mara mbili.