CD ya Kijapani au flashi ya Manundu: hela yako inanunua sauti gani?

Mkazi wa Handeni au Korogwe anayetaka muziki mzuri nyumbani ana njia nne: kuingiziwa nyimbo kwenye flashi au memori kadi, kununua CD, kusikiliza mtandaoni kwa bando, au kama ana ndugu nje ya nchi, kumwagiza zile CD za bei mbaya zinazotengenezwa Japani. Bei za njia hizi zimeachana mno. Sauti zake hazijaachana kiasi hicho.

Tuanze na ya gharama. Mwaka 2008 Universal Music ya Japani na JVC walileta SHM-CD, diski ya plastiki angavu ya aina inayotumika kwenye vioo vya LCD. Mwaka huohuo Sony wakaja na Blu-spec CD, ambayo bamba lake mama huchongwa kwa leza ya buluu. Huko kwao diski moja huuzwa yeni 2,500 hadi 3,000 hivi, yaani inakaribia shilingi 50,000 kabla hujalipa posta na ushuru.

Kilichomo ndani ni kilekile cha CD ya kawaida tangu ilipoingia sokoni mwaka 1982: sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16. Plastiki angavu huirahisishia deki kusoma. Hata hivyo, CD ya kawaida nayo ina kinga ya kurekebisha makosa, na inaweza kurudisha data kamili hata milimita 2 za mstari wake zikichubuka. Ikishasomeka sawasawa, diski ya bei rahisi na ya bei mbaya hutoa namba zilezile. Ukisikia tofauti, mara nyingi ni kwa sababu toleo hilo lilisafishwa upya studio kutoka kwenye tepu. Hiyo ndiyo kazi ya kuilipia, wala si plastiki. SACD ya mwaka 1999 ni habari nyingine: ina data nyingi zaidi kweli, ila inataka deki yake maalumu.

CD za mtaani zina mtego wake. Audio CD halisi hubeba dakika 74 hadi 80, ambazo ni kama nyimbo 15 au 20. Ukiuziwa diski yenye nyimbo 150, ujue umenunua MP3 zilizochomwa kwenye CD, na sauti yake ni ya MP3. Halafu kuna vumbi. Kwenye barabara za udongo za vijiji vya Handeni, lenzi ya deki huchoka mapema, na diski iliyolazwa mezani bila kasha huanza kuruka kabla mwaka haujaisha. CD halali hapa nchini zilianza kubandikwa stempu ya Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2013.

Flashi haina lenzi wala kitu kinachozunguka, ndiyo maana imetawala vibanda vya Manundu mjini Korogwe na Chanika mjini Handeni. Ubora wake unategemea faili ulilowekewa. Kipimo ni rahisi, na unaweza kukifanya palepale kibandani. Wimbo wa dakika nne wa kilobiti 128 kwa sekunde una MB 3.8 hivi, wa kilobiti 320 una MB 9.6, uliotolewa kwenye CD bila kubanwa una MB 42. Mwambie kijana akufungulie folda uone ukubwa. Usikubali pia akubadilishie faili dogo kuwa kubwa, maana sauti iliyokatwa haiwezi kurudi. Faili lililobanwa kupita kiasi linajulikana kwa matoazi: badala ya kulia, yanachuruzika. Sikiliza mwanzo na katikati ya nyimbo mbili tatu, kwa sababu nyingine huja na DJ anayejitangaza juu ya kiitikio.

Mtandaoni, Spotify iliyofika Tanzania mwaka 2021 hutumia kilobiti 96 kwa kiwango cha kawaida, na wanaolipia wanaweza kuchagua 320. Kwa hesabu hiyo, GB moja ya bando inakupa kama saa 23 kwa kilobiti 96, na inashuka hadi takriban saa 7 kwa 320. Video za YouTube hula zaidi, kwa sababu unalipia na picha. Ukisikiliza kila siku, pakua nyimbo mara moja ukiwa na bando la bei nafuu, ndipo uzisikilize bila kuwasha data.

Kwa wapenzi wa muziki wa zamani, swali kubwa ni chanzo. Bendi za Tanga kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilirekodiwa kwenye tepu, na santuri za wakati ule zilikuwa zikichapwa Nairobi. Sauti iliyokosekana kwenye tepu haitaletwa na diski yoyote ile. Anayetaka taarab ya Tanga atafute CD ya Nyota, ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, iliyotolewa na GlobeStyle ya London mwaka 1989. Ni CD ya kawaida kabisa, na itaishinda nakala ya flashi iliyokwisha kupita kwenye simu kumi.

Ushauri wetu ni huu. Mwenye sabufa ya kawaida aweke MP3 za kilobiti 320 kwenye flashi, aichomeke moja kwa moja. Akitumia Bluetooth, sauti hubanwa mara ya pili. Mwenye spika nzuri anunue CD halisi chache za wanamuziki anaowapenda, azihamishie kwenye kompyuta bila kuzibana, kisha azifungie kabatini. Mwenye kukodisha muziki wa harusi awe na flashi mbili zenye nyimbo zilezile, na azijaze zote kabla ya siku ya shughuli, kwani flashi feki huandikwa GB 64 na kumbe inabeba 8. Na ile hela ya CD ya Kijapani, mwenye sabufa aiongezee kwenye spika. Hapo tofauti itasikika hata kwa jirani.