Mkojo ukikataa kutoka, mama asingoje kesho

Mama mmoja mwenye umri wa miaka 41, mchuuzi wa mitumba, aliingia katika chumba changu cha matibabu akitembea ameinama. Shida ya mkojo ilikuwa imemsumbua kwa siku tatu. Mara mbili alikuwa ameuziwa tembe za kuua viini katika duka la dawa na kuambiwa anywe maji mengi. Aliyanywa, na maumivu yakazidi.

Nilipomwuliza kama anapata haja ndogo, alijibu kwamba anaipata hata kupita kiasi, kwani nguo yake ya ndani haikuwa ikikauka. Lakini nilipompapasa chini ya kitovu nilikuta tumbo gumu mithili ya mimba ya miezi mitano. Haikuwa mimba, bali kibofu kilichojaa pomoni. Tulipomtia mpira wa mkojo ilitoka zaidi ya lita moja.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mkojo unaodondoka matone si ithibati kwamba kibofu kinafanya kazi. Huenda ni ule unaofurika kutoka katika kibofu kilichoshindwa kujimwaga. Kwa kawaida mtu mzima hubanwa sana na haja kibofu kikiwa na mililita 400 hadi 500, yaani kama chupa moja na nusu ya soda ndogo. Kikinyooka kupita kiasi misuli yake hulegea, na mkojo unaweza kurudi nyuma na kuziumiza figo.

Ni kweli kwamba tatizo hili huwapata wanaume zaidi, kwa sababu ya tezi dume. Labda ndiyo maana hata sisi madaktari husahau kulitafuta kwa wanawake. Mama yule alikuwa na uvimbe katika mji wa mimba, ule uitwao faibroidi, ambao ulikuwa umekandamiza njia ya mkojo. Mimba nayo huweza kufanya hivyo, hasa kuanzia mwezi wa tatu, iwapo mji wa mimba umeinama kwa nyuma na kukwama ndani ya nyonga. Kuna pia kufunga choo, mji wa mimba unaoshuka, kisukari kilichoharibu neva, na malengelenge ya sehemu za siri ambayo huchoma hata mgonjwa akauogopa mkojo wake. Dawa pia zimo: zile za mafua zinazoleta usingizi, na amitriptilini. Kwa hivyo njoo kwa daktari na mfuko wa dawa zako zote, hata zile ulizonunua bila cheti.

Mama aliyejifungua asipokojoa kwa saa sita, na amwambie muuguzi. Wengi huona haya, hasa mama mkwe akiwa ameketi kando ya kitanda. Mtume akatafute chai.

Mkojo unaochoma na kutoka kidogo kidogo kila mara, kwa kawaida ni maambukizi. Hata hivyo upimwe, hasa ukiwa mjamzito, kwa sababu viini vinaweza kupanda hadi kwenye figo. Homa ya kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavuni humaanisha kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Mkondo ukiwa dhaifu, au ukilazimika kujikamua na kuhisi hujamaliza, muone daktari wiki hiyo, akupime na kukufanyia skani.

Lakini ukibanwa na haja na mkojo usitoke, nenda usiku huo huo. Usiongeze maji wala usinunue dawa ya kuongeza mkojo, kwani utakuwa unajaza pipa lisilo na bomba. Na iwapo una maumivu ya mgongo, miguu imelegea, au umekufa ganzi katikati ya mapaja kiasi cha kutohisi kiti unachokalia, usipitie zahanati. Nenda hospitali kubwa moja kwa moja, kwani neva za mgongo huenda zimebanwa, na kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa kupona.

Mama yule alikaa na mpira siku kadhaa, kisha akapasuliwa na uvimbe ukaondolewa. Aliporudi kuonwa aliniuliza mbona muuza dawa hakumgusa tumbo hata mara moja. Nilimjibu kwamba dukani hakuna kitanda.