Kwa Nini Dereva Asisome Simu Akiwa Njiani

Barabara ya lami itokayo Korogwe hadi Handeni, yenye urefu wa kilomita 65 hivi, hupita katika vijiji kadhaa, Misima kikiwa kimojawapo. Barabara hiyo si ya magari peke yake. Ni ya wanafunzi waendao shule kwa miguu, ya wapanda baiskeli waliopakia magunia ya mahindi, ya bodaboda, na hata ya mbuzi wasiojua sheria yoyote. Dereva apitaye hapo hana budi kutazama mambo mengi kwa wakati mmoja. Je, hutokea nini anapoinamisha macho kusoma ujumbe katika simu yake ya mkononi?

Hesabu ya umbali

Mwaka 2009 watafiti wa Virginia Tech, nchini Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa kufunga kamera ndani ya magari. Ilionekana kwamba dereva wa lori aandikapo ujumbe, macho yake huwa nje ya barabara kwa sekunde 4.6 katika kipindi cha sekunde 6. Hatari ya kupata ajali, au kuiponea chupuchupu, iliongezeka zaidi ya mara 23.

Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Kwa sekunde 4.6 hukata mita 102, yaani karibu urefu wa kiwanja cha mpira, bila mtu wa kuliongoza.

Wako madereva wanaodhani kwamba mwendo mdogo utawaokoa. Ichukuliwe kwamba dereva anatii sheria na kupita kijijini kwa kilomita 50 kwa saa. Katika sekunde hizo 4.6 gari lake litakwenda mita 64. Akiinua macho na kumwona mtoto, atahitaji kama sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki. Hizo ni mita 21 nyingine. Breki nazo, hata kama ni nzima na lami ni kavu, zitahitaji mita 14 hivi. Jumla ni mita 99. Lau macho yangalikuwa barabarani tangu mwanzo, mita 35 zingalitosha.

Macho kutazama si akili kuona

Madereva wengine husema kwamba huongea tu, wala hawasomi. Lakini ubongo haufanyi vizuri kazi mbili zinazodai fikira kwa wakati mmoja. Huacha hii na kurukia ile. Dereva aliyezama katika mazungumzo huweza kuelekeza macho yake kwa mpita njia na asimtambue. Uchunguzi uliofanyika Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba hatari ya kugongana huongezeka mara nne hivi wakati wa kutumia simu. Simu zisizoshikwa mkononi hazikuonekana kuwa salama zaidi. Hivyo, mwendesha bodaboda anayepachika simu ndani ya kofia ngumu huiacha huru mikono yake, lakini fikira zake zimefungwa.

Jaribio la darasani

Jambo hili laweza kupimwa kwa rula ya sentimita 30. Mwanafunzi mmoja aishike rula wima, alama ya sifuri ikiwa chini, kati ya vidole vya mwenzake. Aiachie ghafla, na mwenzake aidake. Ikidakwa kwenye sentimita 20, muda uliopita ni sekunde 0.2. Kisha jaribio lirudiwe huku mdakaji akisoma kitabu kwa sauti. Aghalabu rula itashuka zaidi, pengine itaponyoka kabisa. Ikiponyoka, zaidi ya sekunde 0.24 zimepita. Katika muda huo gari liendalo kilomita 80 kwa saa limekwisha kwenda zaidi ya mita 5, na dereva bado hajagusa breki.

Kinga ipo

Yako mazoea ya kusema kwamba ajali haina kinga. Huenda msemo huo ukamfariji mfiwa, lakini haufai kuwa udhuru wa dereva. Ajali iletwayo na simu ina kinga tena rahisi: simu izimwe kabla ya safari, au akabidhiwe utingo, na jambo likiwa la haraka, gari liegeshwe kando ndipo ujumbe usomwe.

Abiria nao wana wajibu wa kumwonya dereva kwa heshima na bila woga. Mwanafunzi aliyekwisha piga hesabu hii ana haki ya kusema ndani ya basi, kwa kuwa anajua kwa hakika mita ngapi zimepita bila kuonwa. Ujumbe unaweza kusubiri hadi Handeni. Mtoto anayevuka barabara Misima hajui kwamba dereva anasoma.