Satiro Aliyehamishiwa Kongo

Mbuzi hana fumbo lolote kwa mtu wa Karuba. Kwenye vilima vile vya Masisi, mashariki ya Kongo, mbuzi ni mnyama wa kulipia faini, wa kuongezea mahari, wa kuuzwa upesi shule inapodai karo. Anajulikana kwa ubishi wake, kwa ulafi wa kuvamia shamba la maharage, na kwa beberu wake asiyejua haya mbele ya watu. Wagiriki wa kale nao walikuwa watu wa vilima na mbuzi, wakazijua tabia hizo hizo. Tofauti ni kwamba wao, na Warumi baada yao, waliazima miguu, pembe na uchu wa mnyama huyu, wakampachika mwanadamu. Kiumbe huyo Wagiriki walimwita satiro. Warumi wakamwita fauno. Amechongwa na kuchorwa kwa zaidi ya miaka 2,500, na wataalamu wa sanaa wamemwandikia vitabu vingi. Sura moja ya historia yake, hata hivyo, huguswa kwa haraka mno, nayo ndiyo inayotuhusu sisi: jinsi satiro alivyotolewa jukwaani na kuhamishiwa katika misitu ya Kongo. Dai langu ni kwamba maadamu watu walijua satiro ni kinyago, hakumdhuru mtu. Madhara yalianza pale wasomi wa Ulaya walipomtafuta kama kiumbe halisi, wakasema wamemwona Afrika. Gharama ya kosa hilo ililipwa na gorila na sokwe, na baadaye na watu.

Tuanze na Wagiriki wenyewe. Kwenye vyombo vyao vya udongo vya karne ya 6 kabla ya Kristo, satiro bado hana hata ukwato wa mbuzi. Ana masikio na mkia wa farasi, pua bapa na ndevu tele. Kwenye chombo maarufu kiitwacho François, kilichotengenezwa Athene yapata mwaka 570 na sasa kiko Florence, miguu yake nayo ni ya farasi. Kazi yake ni kumfuata Dionysos, mungu wa divai, kulewa, kupuliza filimbi, na kuwakimbiza wanawake wa msituni ambao mara nyingi humponyoka. Ni mtu wa kuchekwa. Mshairi wa Athene aliyeshindana kwenye sikukuu ya Dionysos alileta tamthilia tatu za majonzi, kisha ya nne ya kuchekesha ambamo kundi la waimbaji lilivaa kama masatiro. Ya aina hiyo iliyotufikia nzima ni moja tu, ya Euripides. Ushahidi ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, ni chombo cha Pronomos cha yapata mwaka 400 kabla ya Kristo, kilichohifadhiwa Naples. Mchoraji amewaonyesha waigizaji nje ya mchezo: vijana wa kawaida, nyuso laini, viunoni wamevaa kaptula za manyoya zenye mkia na uume wa bandia, na vinyago vyao wamevishika mkononi kama mtu aliyevua kofia. Mmoja tu ndiye amekwisha kuvaa chake, naye ameanza kucheza. Mtu aliyekinunua chombo kile hakuwa na shaka satiro anatoka wapi. Anatoka chumba cha kuvalia.

Kwa sababu alikuwa kinyago, satiro aliweza kubadilishwa bila mtu kulalamika. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Praxiteles anatajwa kuwa ndiye aliyemchonga kama kijana mzuri aliyeegemea gogo, amebaki na masikio ya ncha tu kumkumbusha mtazamaji asili yake. Warumi waliinakili sanamu hiyo mara nyingi mno. Miguu ya mbuzi alipewa kwa kuchanganywa na Pan, mungu wa wachungaji, na kwa Warumi akakutana na Faunus wao wa mashambani. Baadaye wachoraji wa Kanisa walichukua pembe na kwato wakampa Shetani, na zile picha za katekisimu zinazomwonyesha Shetani mwenye pembe zilirithi hapo. Lakini hata baada ya kugeuzwa pepo, satiro hakupoteza utu wote. Yapata mwaka 1495 Piero di Cosimo alichora picha ambayo sasa iko National Gallery, London: msichana amelala amekufa ufukweni, mbwa ameketi miguuni pake, na satiro mwenye miguu ya mbuzi amepiga magoti kichwani pake akimgusa taratibu. Hakuna tamaa katika picha ile, wala kichekesho. Ni kilio. Sijui picha nyingi za binadamu kamili zilizochora huzuni vizuri kiasi hicho.

Mkondo wa pili wa historia ya satiro ulianza zamani vilevile, ila ulipita vitabuni badala ya jukwaani. Plinius, mwandishi Mrumi wa karne ya 1, alipoorodhesha watu wa ndani ya Afrika aliwaweka pamoja wasio na vichwa, wenye macho kifuani, na masatiro, ambao kwa maelezo yake hawana cha binadamu isipokuwa umbo. Hakuwa amefika huko. Karne tatu baadaye Mtakatifu Jerome aliandika kwamba Antoni, mtawa wa Misri, alikutana jangwani na kiumbe mwenye pembe na miguu ya mbuzi. Kwa hiyo msomi wa Ulaya alipofungua vitabu vyake kuuliza satiro anaishi wapi, jibu lilikwisha kuandikwa: Afrika. Kilichobaki kilikuwa kumpata.

Akapatikana mwaka 1641. Nicolaes Tulp, daktari wa Amsterdam yule yule aliyechorwa na Rembrandt mwaka 1632 akipasua mkono wa maiti mbele ya wenzake, alichapisha maelezo na picha ya mnyama aliyeletwa Uholanzi kutoka Angola. Kwa macho yetu ni sokwe, ameketi, kichwa ameinamisha, mikono mapajani. Tulp alimwita satiro wa India. Tena hakuishia kwenye jina; aliongeza habari za wasafiri kwamba madume ya viumbe hawa huko Borneo huteka wanawake. Angalia kilichotokea hapo. Mnyama mpole aliyekuwa mbele yake amepewa tabia ya mlevi wa kwenye vyombo vya Athene. Mwaka 1698 daktari Edward Tyson wa London alipasua sokwe mchanga, naye kutoka Angola, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu chenye michoro mizuri ajabu ya mifupa na misuli, akahitimisha kwamba masatiro na mbilikimo waliotajwa na watu wa kale walikuwa jamii ya sokwe na nyani, si binadamu. Hata sayansi ya leo haijaisahau nasaba hiyo: sokwe mtu na bonobo, ambaye porini haishi popote duniani ila Kongo, wote wanabeba jina la Pan, mungu mwenye miguu ya mbuzi.

Mtu anaweza kusema hapa kwamba ninamwonea Tyson. Alikuwa mtu wa kisu na ushahidi. Alitaka kuufuta ushirikina, na kweli aliufuta. Nakubali nusu. Kitabu chake ni mwanzo wa elimu ya kulinganisha miili ya wanyama na ya watu, na mengi aliyoyaona kwenye ubongo wa sokwe yule ni sahihi. Lakini kumwondoa satiro katika hadithi kwa kusema kwamba alikuwa sokwe ni kumpa sokwe hadithi yote ya satiro. Tazama sanaa ya karne ya 19. Mwaka 1861 Paul du Chaillu, msafiri aliyetoka Gabon, alichapisha kitabu kilichomweleza gorila kama kiumbe wa ndoto za jehanamu, nusu mtu nusu mnyama. Huko Paris, miaka miwili kabla ya hapo, Emmanuel Frémiet alikwisha kuchonga gorila akimburura mwanamke mweusi. Waamuzi wa maonyesho waliikataa, ikawekwa nyuma ya pazia. Mwaka 1887 alirudia wazo lile lile kwa mwanamke mwingine, na safari hii akapewa nishani ya heshima. Gorila hula majani, magome na machipukizi. Kuteka wanawake si tabia yake. Frémiet, aliyejua miili ya wanyama kuliko wachongaji wengi wa wakati wake, alichonga misuli ya gorila kwa usahihi na tabia ya satiro kwa mazoea. Kutoka hapo hadi filamu ya King Kong ya mwaka 1933 njia ni fupi.

Na pale ambapo Tyson aliwaweka mbilikimo na masatiro katika kapu moja na sokwe, kulikuwa na watu halisi waliongoja kuumizwa. Ota Benga, kijana wa Kongo aliyeitwa mbilikimo, alipelekwa Marekani kwa maonyesho ya St. Louis ya mwaka 1904. Septemba 1906 aliwekwa kwenye nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakamiminika kumtazama. Wachungaji weusi wa mji ule walipinga hadi akatolewa. Alijiua mwaka 1916. Sisemi Tulp na Tyson ndio waliomfungia mle; kulikuwa na ukoloni, biashara na ubaguzi wa rangi wenye nguvu zaidi ya kitabu chochote. Nasema tu kwamba mtazamaji wa Bronx alikwisha kufundishwa na picha za karne tatu kwamba mpaka kati ya mtu na mnyama uko mahali fulani katika msitu wa Kongo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, maana linatoka nyumbani. Je, sisi hatuna viumbe wa mchanganyiko? Tunao, na wa kuogofya. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, mtambaji Candi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck utenzi wa Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza huku wenzake wakimpigia mdundo. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na msomi Mnyanga Kahombo Mateene. Ndani yake yumo Kirimu, mnyama mweusi wa msituni mwenye vichwa saba na mkia wa tai, anayewameza wawindaji wa Mwindo. Kirimu hana tofauti kubwa na majitu ya Wagiriki. Lakini hakuna mzee wa Walikale aliyekwenda na mkuki kumpasua nyani akatangaza kwamba amempata Kirimu. Anakaa katika wimbo, kama satiro alivyokaa katika tamthilia, na wote wanaoitikia wimbo wanajua hivyo. Tena utenzi unafanya jambo ambalo Frémiet hakulifikiria: baada ya Mwindo kumwua Kirimu, Nkuba, radi mwenyewe, rafiki wa yule mnyama, anampandisha shujaa mbinguni kumtesa kwa baridi, mvua na jua, kisha anamrudisha akiwa na amri ya kutoua tena mnyama. Shujaa anashitakiwa kwa ushujaa wake.

Turudi kwa gorila wenyewe: Karuba iko kati ya gorila wa aina mbili. Mashariki, kwenye volkeno za Virunga, wako gorila wa mlimani. Magharibi na kusini, katika misitu ya Walikale na Kahuzi-Biega, wako wale wa Grauer, ambao hawapatikani nje ya mashariki ya Kongo. Picha yao ilianza kugeuka mwaka 1921, Carl Akeley wa jumba la makumbusho la New York alipopanda mlima Mikeno huko Virunga. Aliua gorila kadhaa ili awajaze na kuwaonyesha, kisha akashikwa na majuto, akamshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji; hifadhi ikatangazwa mwaka 1925. Alikuwa mchongaji pia, na mwaka 1924 alionyesha sanamu ya mtu anayechomoka ndani ya ngozi ya gorila. Hata yeye, basi, alishindwa kumwacha gorila awe gorila. Kazi hiyo ilimngoja mtafiti George Schaller, aliyewatazama kwenye miteremko hiyo hiyo miaka ya 1959 na 1960 na kuandika walichokula, walikolala, na jinsi walivyokuwa watulivu.

Tangu hapo bango la watalii linamwonyesha gorila kama babu mpole. Ni picha ya kweli zaidi kuliko ya Frémiet, na imesaidia wakati msaada unahitajika: mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba wamebaki gorila wa Grauer 3,800 tu kutoka karibu 17,000 wa miaka ya 1990, kwa sababu ya vita na uwindaji wa nyama kuzunguka machimbo ya koltani na kasiteriti, ingawa hesabu ya mwaka 2021 ilipandisha makadirio hadi 6,800. Bila huruma ya walioona mabango hayo, fedha za kuwalinda zingekuwa chache. Lakini bango nalo limechorwa na mtu kwa ajili ya mtu mwingine, na ndani yake msitu hauna wenyeji. Batwa, wenyeji wa msitu huo, walitolewa Kahuzi-Biega katika miaka ya 1970 ili gorila wabaki. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki zao zilivunjwa. Kurudishiwa ardhi yao bado ni madai.