Waimbaji wa Buhaya (3): Saida Karoli, mtunzi aliyefunikwa na sauti yake

Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza habari za enanga, ala ya muziki ya ubao uliochimbwa katikati, uzi mmoja ukapitishwa huku na huku mpaka ukazaa nyuzi kadhaa. Tulimtaja Hugh Tracey, aliyefika Bukoba na mitambo yake ya kurekodi mwaka 1950. Tukamtaja pia Profesa Mugyabuso Mulokozi, ambaye katika tasnifu yake ya mwaka 1986 aliwasoma wapiga enanga kama washairi. Leo ni zamu ya mwimbaji anayejulikana kuliko wote hao, ila hajasomwa hivyo.

Saida Karoli alizaliwa mwaka 1976 kijijini Rwongwe, Bukoba. Albamu yake ya Maria Salome, iliyotoka mwaka 2001 chini ya FM Production, ilimtoa Kagera ikamfikisha Dar es Salaam, Kampala na kwingineko. Anaimba zaidi Kihaya, lugha ambayo wengi waliomshangilia hawaijui. Wao walidaka kipande cha Kiswahili kinachotaja karanga, wakaupa wimbo mzima wa Maria Salome jina hilo.

Asiyejua lugha husifu anachokisikia. Akasifiwa kwa sauti yake nyembamba inayopanda bila kukwaruza, kwa ngoma, kwa waitikiaji wanaompokea kabla hajashusha pumzi. Mwaka 2005 jina lake liliingia kwenye tuzo za muziki za Kilimanjaro, kati ya waimbaji bora wa kike na kwenye kundi la albamu za asili. Akazoeleka kama mwimbaji wa asili, kana kwamba nyimbo zile zilimea zenyewe migombani, yeye akazichuma tu.

Nenda kwenye harusi hapa Ijuganyondo, Bukoba, usikie tofauti. Wimbo wake ukipigwa, vijana wanajaa uwanjani kwa ajili ya mdundo. Akina mama walioketi mkekani wanaitikia maneno, wanachekeana, wanagusana mabega. Wao wanafuata nani anaambiwa nini. Uwanja mmoja, wimbo mmoja, wasikilizaji wa aina mbili. Magazeti yetu yamewaandikia wale wa kwanza.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliufufua wimbo wa Maria Salome kwa jina la Salome, na kizazi kilichokuwa bado kinatambaa mwaka 2001 kikaanza kumuulizia mwenyewe. Mwaka uliofuata Saida alirudi na Orugambo. Hata hivyo mazungumzo mengi yalihusu nani amemfufua nani.

Linganisha na Dolly Parton, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani. Wimbo wake wa mwaka 1974, I Will Always Love You, uliimbwa upya na Whitney Houston mwaka 1992 ukatikisa dunia. Lakini Parton hakuhitaji kufufuliwa: Nashville ilikuwa imekwisha kumwingiza kwenye jumba la heshima la watunzi tangu mwaka 1986. Wenzetu waliwahi kuihesabu kalamu kabla sauti ya mwingine haijaufikisha wimbo mbali zaidi.

Kazi ya kuihesabu kalamu ya Saida ni yetu sisi tunaojua Kihaya. Tukiiacha, hatuna haki ya kulalamika wengine wakimkumbuka kwa kiitikio tu. Juma lijalo tutaanza na Maria Salome, ubeti kwa ubeti.