Printa Ikigoma, Tuangalie Sponji Kwanza



Ofisini kwetu Same, kama ilivyo katika parokia nyingi za milimani, printa ya wino ndiyo inayotoa taarifa za mapato na matumizi, barua na ratiba za ibada. Tulipokuwa tukiandaa taarifa ya robo mwaka, printa yetu iligoma. Wino ulikuwapo na karatasi zilikuwapo, lakini kompyuta ilitoa ujumbe kwamba kifaa cha ndani kimefikia mwisho wa matumizi yake. Wengine walishauri tununue mpya. Hatukununua, na ni vema tuwaeleze sababu.

Printa husafisha kichwa chake cha kuchapia kwa kusukuma wino kidogo nje. Wino huo taka hunyonywa na sponji zilizo chini, ndani ya printa. Printa haipimi jinsi sponji zilivyolowa. Hukisia tu, kwa kuhesabu wino uliomwagwa. Hesabu ikifika kikomo kilichowekwa kiwandani, hujifunga.

Wapo mafundi wenye programu zisizo rasmi za kurudisha hesabu hiyo sifuri. Ni kazi ya dakika chache, na printa huanza tena kuchapa. Lakini kufuta hesabu hakukaushi sponji. Ni kama kufuta deni daftarini bila kulilipa. Wino unaweza kufurika hadi mezani au kwenye sehemu za umeme. Tena, programu za kunakiliana kwa flashi zinaweza kuleta virusi kwenye kompyuta inayotunza hesabu za sadaka. Printa yenye dhamana inaweza pia kuipoteza.

Kwa hiyo tuliuliza kwanza kama mtengenezaji ana njia yake. Baadhi ya printa zina kisanduku cha wino taka ambacho mtumiaji hubadilisha mwenyewe. Yetu haikuwa nacho, na dhamana ilikwisha. Fundi aliweka sponji mpya, ndipo akarudisha hesabu sifuri, kwa kutumia kompyuta nyingine isiyo na kumbukumbu zetu.

Kwa walio Chome au Mbaga, kushuka Same na printa ni nauli na ni siku ya kazi. Tunawashauri:

1. Zimeni printa kwa kitufe chake, msichomoe waya kwanza. Kitufe huipa nafasi ya kufunika kichwa ili wino usikauke.
2. Msiamuru usafishaji wa kichwa bila sababu. Kila mara hujaza sponji. Chapeni walau ukurasa mmoja kwa wiki.
3. Ifunikeni dhidi ya vumbi.
4. Andikeni katika daftari la vifaa tarehe ya kubadilisha sponji, ili kamati ijayo ijue.

Taarifa yetu ilichelewa siku nne, nasi tunaomba radhi. Ilichapwa kwa printa ileile.