Kosa la Kiwandani au Hila ya Mtu?

Mwanafunzi wa Bukundi, mkoani Simiyu, akiletewa shilingi ya mwaka 1966 yenye rangi ya dhahabu na kuambiwa kuwa ni kosa adimu la kiwandani, asiharakishe kuinunua. Sarafu hiyo, yenye picha ya mwenge, ilitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na nikeli, na rangi yake halisi ni nyeupe kama fedha.

Kwanza aipime kwa mizani ya maabara. Sentimita moja ya ujazo ya mchanganyiko huo ina takriban gramu 8.9, ya dhahabu ina gramu 19.3. Hivyo shilingi ya dhahabu tupu ingekuwa na uzito zaidi ya maradufu. Uzito ukiwa wa kawaida, na sehemu zilizochakaa zikionyesha weupe, basi sarafu imechovywa tu.

Sarafu yenye pengo ukingoni nayo ina ushahidi wake. Kiwandani, pengo hutokea bamba la madini linapokatwa mahali palipokwisha kukatwa. Kisahani hicho kinapoinuliwa ukingo, upande unaoelekeana na pengo hukosa mkandamizo wa kutosha, na ukingo wake hufifia. Pengo lililochongwa kwa tupa huuacha ukingo wa upande wa pili ukiwa kamili.

Kanuni ni moja: kosa la kweli hutokea kabla ya chapa kupigwa au wakati inapopigwa, hila huja baadaye, juu ya kazi iliyokwisha kukamilika. Mizani ya shule na jicho makini vyaweza kumwokolea mnunuzi fedha zake.